Nihesabie Chipu

Kompyuta ya mezani ikianza kuchoka, ushauri wa kwanza mtaani ni mmoja: ongeza RAM. Mwenye duka la vifaa atasema hivyo, mpwa aliyetoka chuo atasema hivyo, hata kijana wa bodaboda aliyeifunga mashine yenyewe kwa blanketi na kamba za mpira kuitoa Mbalibali hadi Mugumu hatakosa kuusema. Ushauri si mbaya. Kasoro yake ni kwamba unatamkwa kana kwamba RAM ni kitu kimoja, ukiipata imepatikana, ukiichomeka imekubali. Ndiyo maana meza za mafundi hazikosi mashine iliyoongezewa RAM jana na leo haiwaki kabisa.

Mimi huvutiwa na mafundi wachache wasioharakisha. Kazi yao haina kishindo. Fundi anafungua kasha, anachomoa kijibao cha kijani chenye urefu wa sentimita 13 na ushei, anakipeleka dirishani penye mwanga, anakigeuza upande wa pili, kisha ananyamaza. Mteja asiyejua atadhani fundi amekwama, kumbe ndiyo kwanza ameanza kazi.

Mbalibali iko Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Kaskazini wilaya hiyo inapakana na Tarime, na Mto Mara ndio unaozitenganisha. Makao makuu ya wilaya ni Mugumu, na huko ndiko mashine nyingi za vijijini hupelekwa zikiugua. Lakini Mugumu yenyewe si mahali pa kukuta rafu zilizojaa vipuri vya kompyuta za miaka kumi na tano iliyopita. Kifaa kikikosekana, macho yanageukia Tarime au Musoma, kisha Mwanza, kisha Kariakoo, na mzigo unakuja na basi ukiwa bahasha ndogo iliyoandikwa namba ya simu. Wengine wana ndugu Sirari wanaovuka kwenda Isebania na kuulizia upande wa Kenya. Nauli, muda, na juu ya yote lile tangazo linalobandikwa ukutani kwenye maduka yetu, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mtu wa mjini akikosea aina ya RAM atavuka barabara kuibadilisha. Mtu wa huku akikosea amepoteza wiki na pesa. Naamini umbali huo ndio uliowafundisha mafundi wa Mara kusoma kabla ya kununua, na wanasoma vizuri kuliko wenzao wengi wanaouza RAM kwa maboksi.

Mashine ninayoikumbuka zaidi ilikuwa Dell OptiPlex 780, ya mama mmoja mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Kwa majina ya kitaalamu mtaiita steshenari. Kwa wenyeji ni ofisi. Hapo huchapwa barua za kuomba kazi, mihtasari ya mikutano ya kijiji, risala za mahafali. Hapo watoto wa kidato cha sita huja kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, na wakubwa zao huja kuangalia nafasi kwenye Ajira Portal. Msimu wa matokeo ya NECTA foleni inatoka nje. OptiPlex 780 ni mashine ya mwaka 2009 hivi, yenye prosesa ya Core 2 Duo, na ni miongoni mwa maelfu ya kompyuta ambazo ofisi za Ulaya na Marekani zilizitumia miaka michache, zikazibadilisha, nazo zikaanza maisha ya pili huku kwetu. Ya mama ilikuwa na RAM ya gigabaiti 2.

Fundi aliyeletewa hakuigusa kwanza. Alimsalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

"Anasumbua akiwaka, au akishawaka?"

"Akiwaka anachelewa kidogo, namvumilia. Nikichapa barua peke yake anakwenda vizuri. Shida ni nikifungua ile fomu ya mkopo na barua ikiwa bado ipo. Hapo hata mshale hausogei. Watoto wanaanza kunitazama."

Kwa masikio yangu hiyo ilikuwa lawama ya kawaida. Fundi yeye alisikia kipimo. Mashine inayokwama ikiwa na kazi moja ina ugonjwa wake. Inayokwama kazi ya pili inapoongezwa juu ya ya kwanza ina mwingine. Aliiwasha, akafungua barua na ukurasa wa intaneti, kisha akaita dirisha la Windows linaloonyesha nani anatumia nini. Prosesa ilikuwa imekaa karibu bure. RAM ilikuwa imejaa hadi juu. Diski ilikuwa inahangaika bila kupumzika. Picha hiyo ina maana moja: mfumo umekosa nafasi ya kuweka kazi, kwa hiyo unahamishia sehemu ya kazi hiyo kwenye diski na kuirudisha kila inapotakiwa. RAM hujibu ndani ya makumi ya nanosekunde. Diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde kadhaa kufika tu mahali data ilipo. Tofauti hiyo ndiyo mshale usiosogea.

Angekuta prosesa ndiyo imebanwa, angesema RAM haitasaidia. Angekuta diski inahangaika huku RAM ina nafasi, angeipima diski kwanza, maana diski inayokufa huiga dalili zote za RAM ndogo. Nimewahi kumwona akimrudishia mtu pesa ya RAM na kumwambia anunue diski ya SSD badala yake. Duka halifanyi hivyo. Duka lina RAM ya kuuza.

Likafuata swali ambalo wengi hulisahau: Windows iliyomo ni ya biti 32 au 64? Windows ya biti 32 ya kompyuta za kawaida haivuki gigabaiti 4, na kwa kuwa sehemu ya anwani hizo huchukuliwa na vifaa vingine, mara nyingi utabaki na gigabaiti 3 na kitu. Unaweza kuijaza mashine RAM ya gigabaiti 8, ikaikubali, ikaitambua, na Windows isiiguse iliyozidi hapo. Core 2 Duo inaweza biti 64, lakini wengi walioziuza mashine hizi waliweka Windows ya biti 32 kwa mazoea. Ya mama ilikuwa hivyo. Fundi akamwambia mapema kuwa kazi itakuwa mbili, kuongeza RAM na kuweka mfumo upya, na kwamba mafaili yake yatanakiliwa kwanza. Mama alitaka kujua kama risala zake zitakuwepo. Zitakuwepo.

Ndipo akafungua kasha.

Hapa ndipo ujuzi wenyewe unapoanza, na naomba msomaji anivumilie, maana uzuri wa kazi hii uko kwenye vitu vidogo. OptiPlex 760 na OptiPlex 780 zinafanana. Ukiziweka sambamba na kufunika namba, mtu wa kawaida hatazitofautisha. Lakini 760, kama 755 iliyoitangulia, inatumia DDR2, na 780 inatumia DDR3. Kwa upande wa HP ni vilevile: dc7900 ni ya DDR2, 6000 Pro iliyokuja baada yake ni ya DDR3. DDR2 na DDR3 za kompyuta ya mezani zina urefu mmoja na meno 240 ya rangi ya dhahabu kila moja. Kinachozitenganisha kwa macho ni pengo dogo katikati ya meno hayo, ambalo limesogezwa milimita chache. Pengo hilo liliwekwa makusudi na JEDEC, chombo kinachopanga viwango vya viwanda hivi, kwa sababu DDR2 hutumia volti 1.8 na DDR3 volti 1.5, na moja ikiingia kwa mwenzake kitu kitaungua. Nimeona sloti iliyopasuka kwa mtu aliyeamini kuwa RAM isiyoingia inahitaji nguvu zaidi. RAM ikikataa kuingia, iache. Iko sahihi yenyewe.

Baada ya aina, fundi alitazama mipaka ya mashine. OptiPlex 780 ya kasha la kawaida ina sloti nne na inafika gigabaiti 16. Kasi yake ya RAM haivuki 1066. Ukiweka RAM ya 1333 itafanya kazi, ila itashuka hadi 1066, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipia kasi ambayo mashine haitaitumia. Maarifa hayo fundi huyu hakuyatoa kichwani. Ana daftari. Kila mashine iliyopita mezani kwake ameiandika: jina, chipuseti, sloti ngapi, aina gani ya RAM ilikubali na ipi ilikataa. Kurasa za mwanzo zimekuwa laini kwa kushikwa. Mitandaoni kuna majedwali makubwa zaidi, lakini daftari lile lina kitu ambacho majedwali mengi hayana, nacho ni ile safu ya zilizokataa.

Kisha akapiga simu Mwanza.

Muuzaji alikuwa na RAM ya DDR3, gigabaiti 4, kasi 1600, safi kabisa, bei nzuri. Fundi akamuuliza chipu ziko upande mmoja au pande mbili. Upande wa pili wa simu kukawa kimya kidogo.

"Mura, RAM ni RAM," muuzaji akasema.

"Nihesabie chipu," fundi akasema. "Au nitumie picha. Mbele na nyuma."

Picha ilifika WhatsApp. Chipu nane, upande mmoja tu. Kwenye lebo: 4GB 1Rx8 PC3L-12800U. Fundi akasema asante, hiyo hapana. Muuzaji hakuelewa, na kwa kweli hata mimi nilihitaji kuelezwa.

Hesabu yake ni ya darasa la nne. Gigabaiti 4 ni gigabiti 32, kwa kuwa kila baiti ina biti 8. Ukiigawanya gigabiti 32 kwa chipu 8, kila chipu imebeba gigabiti 4. Ukiigawanya kwa chipu 16, kila chipu imebeba gigabiti 2. Sasa, chipuseti ya Q45, inayoisimamia RAM kwenye OptiPlex 780, ilibuniwa wakati chipu za gigabiti 2 ndizo zilizokuwa kubwa. Haijui namna ya kuzungumza na chipu ya gigabiti 4. RAM ile ya Mwanza ni nzima, ni mpya kuliko mashine yenyewe, na ingeingia kwenye sloti bila kukwaruza. Mashine isingewaka, au ingewaka na kuona nusu. Mama angeambiwa mashine yake imekufa.

Lebo nayo husema hayo kwa anayeisoma. Katika maandishi kama 4GB 2Rx8 PC3-10600U, ile 2R ni safu mbili za chipu, na x8 ni kwamba kila chipu hutoa biti 8 kwa wakati mmoja. Safu moja inatakiwa kutoa biti 64, kwa hiyo ina chipu 8. Safu mbili zina 16. Hiyo ndiyo fundi aliyokuwa anaitafuta. PC3 ni DDR3. Ile 10600 ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde, na ukiigawanya kwa 8 unapata kasi ya 1333 hivi. Herufi L baada ya PC3 ni volti 1.35 badala ya 1.5, na nyingi za aina hiyo huvumilia volti zote mbili. Herufi ya mwisho, U, ndiyo ya kompyuta ya kawaida ya mezani.

Ikiwa R mahali pa U, simama. Hiyo ni RAM ya seva. Seva kubwa zinapostaafishwa huko nje, RAM zake huingia sokoni kwa wingi na kwa bei ya kushangaza, gigabaiti 8 kwa bei ya 2, na pengo lake liko mahali palepale pa RAM ya DDR3 ya mezani. Inaingia kwenye sloti kama kawaida, na mashine haitawaka nayo. Fundi huitambua hata lebo ikiwa imebanduka, kwa sababu chipu zake huwa ni 9 au 18 badala ya 8 au 16, ile ya ziada ikiwa ya kukagua makosa, na katikati kuna chipu nyingine yenye umbo tofauti. Kuna nyingine ya hatari kwa upande wa DDR2: gigabaiti 4 kwa kijibao kimoja, bei rahisi, ambazo hufanya kazi kwenye mashine za AMD tu. Mwenye OptiPlex 755 akiletewa hiyo, ameletewa pambo.

Kule kwetu mnadani, mzee anayejua ng'ombe hamuulizi mwenye ng'ombe habari za ng'ombe. Anafungua mdomo, anatazama meno, anashika nundu, anazunguka nyuma, ndipo anataja bei. Fundi anayehesabu chipu ana utulivu huohuo, na nimegundua kuwa wauzaji wazoefu humheshimu baada ya mara ya pili. Muuzaji wa Mwanza alimpigia jioni. Amepekua boksi la zilizotumika, amepata mbili zenye chipu pande zote mbili, 2Rx8, 10600U, za mtengenezaji mmoja. Alikuwa amehesabu mwenyewe.

Zilizotumika, ndiyo. Watu hushtuka wakisikia. Lakini RAM haina kitu kinachozunguka wala kinachosuguana. Iliyofanya kazi miaka kumi bila kosa ina nafasi nzuri ya kuendelea, na mimi ningeichagua kuliko "mpya" yenye lebo ya jina kubwa iliyochapwa vibaya. Kwenye droo ya fundi huyu kuna historia nzima ya viwanda. Kuna za Samsung, Hynix na Micron, kampuni tatu ambazo leo ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa kabisa ya RAM duniani. Lakini kuna pia chipu zenye jina la Qimonda, kampuni ya Ujerumani iliyofilisika mwaka 2009, na Elpida ya Japani, iliyofilisika 2012 na kununuliwa na Micron mwaka uliofuata. Viwanda vimefungwa, wafanyakazi wametawanyika, na chipu zao bado zinachapa barua za kuomba kazi Serengeti.

Wazo lenyewe lina umri wa kuheshimika. Mwaka 1966 Robert Dennard, mhandisi wa IBM, alifikiria namna ya kuhifadhi biti moja kwa transista moja na kapasita moja tu. Hataza yake ilitoka 1968. Yeye alifariki 2024. Kapasita hiyo ni ndogo mno na chaji yake inavuja, kwa hiyo kila seli lazima isomwe na kuandikwa upya kabla haijasahau, kwa kawaida ndani ya milisekunde 64. RAM inafanya kazi hiyo usiku na mchana ilimradi umeme upo. TANESCO wakikata, kila kitu ambacho hakijahifadhiwa kwenye diski kimekwenda. Anayechapa risala ya kurasa nne bila kubonyeza kitufe cha kuhifadhi asimlaumu fundi.

Bahasha ilifika na basi. Fundi alizima mashine, akachomoa waya ukutani, kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia huku umeme haupo, ili mabaki ya chaji yaishe. Akagusa chuma cha kasha kwa kiganja. Umeme tuli wa mwilini, ambao mtu hata hausikii, unatosha kuiua chipu, na msimu wa kiangazi huku hewa inapokauka hatari hiyo si ya vitabuni. Vumbi la njia zetu lilikuwa limetanda ndani kwa rangi yake inayojulikana. Alilipuliza kwa blowa nje ya mlango, akiishikilia feni kwa kidole isizunguke ovyo, akapitisha brashi kavu kwenye sloti zote nne, hata zisizotumika. Meno ya RAM zilizotoka Mwanza aliyasugua kwa raba ya kufutia penseli, polepole, kuelekea upande mmoja, kisha akayapangusa kwa kitambaa chenye spiriti. Wapo wanaoicheka raba hiyo. Mimi nimeona mashine kadhaa zilizohukumiwa kufa zikifufuka kwa raba peke yake, kwa sababu ugonjwa ulikuwa utando kwenye meno. Kwenye kompyuta nyingi za HP za ofisi za miaka ile, milio mitano na taa nyekundu inayopepesa mara tano humaanisha RAM ina shida. Kabla ya kununua chochote, ichomoe, isafishe, irudishe.

Sloti za Dell za ukoo huu zina vibanio vya rangi mbili, viwili vyeupe na viwili vyeusi. RAM mbili zinazofanana huingia kwenye jozi ya vyeupe, ili prosesa ipite njia mbili kwa wakati mmoja. Ukiziweka ovyo mashine itawaka, haitalalamika, ila itapoteza sehemu ya kasi na hutajua kamwe. Alizibonyeza kwa dole gumba kila upande, shinikizo sawa, mpaka vibanio vikajifunga vyenyewe kwa mlio mdogo. Hapa hakuna nguvu. Kuna usikivu.

Nilimuuliza kwa nini asiziache zile mbili za zamani, za gigabaiti moja moja, sloti si zipo? Alisema nane zinamtosha mama, na kila kijibao kinachoongezwa ni kitu kingine kinachoweza kuharibika. Zinapochanganywa, zote hufuata mwendo wa iliyo taratibu zaidi. Akazifunga kwenye karatasi na kuziweka kando. Mama alipokuja alimkabidhi mkononi: "Hizi ni zako." Wapo mafundi ambao RAM za zamani za wateja huyeyuka. Naandika hili ili wajue kuwa linaonekana.

Mashine iliwaka. Wengi wangeishia hapo, wachukue pesa. Yeye aliingia kwenye BIOS kwanza, kuona mashine yenyewe inasema nini kabla Windows haijasema: gigabaiti 8, njia mbili, 1066. Kisha akachomeka flashi yenye Memtest86+, programu ya bure inayoandika mipangilio ya biti kwenye kila seli na kuisoma tena kuona kama imerudi ilivyo. Kosa moja tu, jekundu kwenye skrini, linatosha kuikataa RAM. Jaribio linakwenda kwa saa nyingi na halina cha kutazama. Fundi akaiacha ifanye kazi usiku kucha. Usiku ule umeme ulikatika mara moja. Asubuhi akaianzisha upya toka mwanzo, akamwambia mama asubiri siku moja zaidi. Mama hakufurahi. Wateja walikuwa wanamsubiri, na mashine kwa macho yake ilikuwa imepona.

Hapo ndipo mimi nilipoona kazi yenyewe. RAM yenye seli chache mbovu haigomi waziwazi. Inaharibu herufi moja kwenye faili, inazima mashine katikati ya fomu, inaharibu mfumo taratibu mpaka mtu anailaumu programu, virusi, au umeme. Siku ile moja ya ziada ndiyo inayomtenga fundi na muuzaji. Jaribio lilimalizika bila kosa, Windows ya biti 64 ikawekwa, risala zikarudishwa mahali pake. Mama alifungua barua, akafungua fomu ya mkopo, akafungua na matokeo, mshale ukawa unatembea.

Kuna mipaka, na fundi aliitaja bila kuulizwa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya umri wa Core 2 Duo, uwe na RAM kiasi gani. Kwa mashine kama hii njia iliyobaki ni Linux, kwa mfano Linux Mint, ambayo inaridhika na gigabaiti 4, au kukubali kwamba mashine ya kuingiza nywila za watu haipaswi kuwa hii milele. Alimwambia mama aanze kuweka akiba kidogo kidogo. Pia alimwambia kwamba kama mashine ingekuwa ya DDR2 asingemshauri atumie pesa hata kidogo: RAM za DDR2 za gigabaiti 4 zinazokubaliwa na mashine za Intel ni adimu, bei yake haina uwiano na umri wa mashine, na pesa hiyo ni afadhali iende kwenye kompyuta nyingine ya DDR3. Nakubaliana naye. Fundi nampima kwa RAM alizokataa kuuza.

Basi msomaji, uwe Mbalibali au Tarime au kokote kompyuta ya zamani inakokula mkate wake, usitume pesa mjini kwanza. Andika jina na namba ya mashine. Tazama kama mfumo ni wa biti 32 au 64. Piga picha ya RAM iliyomo, mbele na nyuma, lebo isomeke, kisha mwombe muuzaji akutumie picha ya ile anayotaka kukuuzia, mbele na nyuma vilevile. Hesabu chipu. Na muuzaji akikuambia hana muda wa kupiga picha hiyo, nunua kwa mwingine.